Kumpenda Mungu ni Kumsikia, na Kumrudia

Mzazi akitaka kumsifu mwanawe husema, "Huyu mtoto anasikia." Akichoshwa naye husema, "Huyu hasikii kabisa," ingawa mtoto ana masikio yake mawili na akiitwa kula hufika wa kwanza. Na tunaposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hakuna anayefikiri tunawasema viziwi. Kwetu kusikia ni kulipokea neno la mtu mpaka likahama masikioni likaingia mikononi na miguuni.

Waebrania nao husema hivyo hivyo. Neno lao shama ni kusikia, na ndilo hilo hilo la kutii. Ndiyo maana ile amri kuu katika Kumbukumbu la Torati 6, ya kumpenda Mungu kwa moyo wote, roho yote na nguvu zote, hutanguliwa na wito wa kusikia: Israeli asikie kwanza, ndipo aambiwe apende. Kigiriki cha Agano Jipya hakiko mbali, maana neno lake la utii limejengwa juu ya neno la kusikia. Anayesoma Biblia kwa Kiswahili, basi, ameshaupata ufunguo mkononi bila kwenda chuo cha theolojia.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu jambo lenyewe huwatatiza wengi. Nimefundisha darasa la kipaimara kwa miaka kadhaa, na maswali mawili hayajawahi kukosekana. La kwanza huulizwa na kijana mwenye akili nyepesi, wa benchi la mbele: "Mwalimu, kama tunaokolewa kwa neema, amri za nini tena?" La pili huja baada ya kipindi, wenzake wakishatoka, kutoka kwa yule aliyekaa nyuma kimya: "Mimi natubu kosa lile lile kila Jumapili. Kwa hiyo simpendi Mungu?" La kwanza ni la kitabuni. La pili linauma.

Tuanze na la kitabuni. Katika Yohana 14:15 Yesu anasema, "Mkinipenda, mtazishika amri zangu." Wengi huisikia sentensi hii kama sharti la mwenye nyumba: lipa kodi, ukae. Lakini tazama inasemwa wapi. Ni usiku wa mwisho, mezani, na anayesema ameshainuka kabla ya hapo, akajifunga kitambaa, akawaosha miguu watu ambao kabla ya jogoo kuwika watakuwa wamemkimbia. Upendo wa kwanza ulishatolewa, pamoja na maji na kitambaa. Utii anaouzungumzia ni jibu.

Sinai nako ni hivyo. Amri Kumi katika Kutoka 20 hazianzi na "usiwe na miungu mingine". Zinaanza na Mungu kujitambulisha kwamba ndiye aliyewatoa Misri, katika nyumba ya utumwa. Bahari ilishavukwa, Farao alishabaki nyuma, mana ilishaliwa. Ingekuwa amri ndiyo bei ya kukombolewa, Musa angeteremka na mbao zile kule Misri, watu wakiwa bado wanafyatua matofali, awaambie: mkizishika hizi miaka arobaini, tutaona. Hakufanya hivyo. Walikombolewa kwanza, wakafundishwa baadaye jinsi watu waliokombolewa wanavyoishi. Yule kijana wa benchi la mbele nikishamwonyesha mpangilio huu huwa anatulia. Si lazima akubali, lakini anaona kwamba neema na amri havigombanii kiti kimoja.

Lipo fundo jingine ambalo yeye mwenyewe huwa hajaliona: utii unaweza kuwepo na upendo usiwepo. Katika Luka 15 tunamsema sana mwana mpotevu, tunamsahau kaka yake. Yule kaka hakuwahi kutoroka. Ametumika miaka mingi, hajavunja agizo hata moja, na anayo hesabu kamili kichwani, mpaka mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Amekaa nyumbani kama kibarua anayesubiri mshahara, na siku baba anapofurahi kwa kumpata mwana, yeye hawezi kuingia ndani. Baba anatoka kumbembeleza, na hadithi inaishia hapo, mlangoni, bila kutuambia kama aliingia. Mtu akiuliza utii wa upendo unapimwaje, mimi humtuma kwa huyu kaka. Utii unaochukia mwenzako kusamehewa haujatoka kwenye upendo, hata uwe umekamilika namna gani.

Sasa toba. Hapa ndipo nataka kukaa.

Wafalme wawili wa kwanza wa Israeli wote walitenda dhambi, wote wakakemewa na nabii, na wote wakatamka maneno yale yale: nimefanya dhambi. Ukiwasoma kijuujuu utadhani Mungu alipendelea. Katika 1 Samweli 15 Sauli ameagizwa asichukue nyara yoyote ya Waamaleki. Samweli anafika na kukuta mfalme anamlaki kwa furaha, amri ya Bwana nimeitimiza. Nabii anamuuliza swali moja tu: mbona nasikia kondoo wanalia? Sauli anasema ni watu ndio waliowabakiza, tena wale wazuri, kwa ajili ya sadaka. Ndipo linakuja lile jibu ambalo kila mwalimu wa Shule ya Jumapili analijua kwa moyo, "kutii ni bora kuliko dhabihu", na papo hapo, "na kusikia kuliko mafuta ya beberu". Kusikia, tena. Sauli akibanwa anakiri. Lakini angalia anachoomba baada ya kukiri: kwamba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Anaogopa aibu. Alitaka dhambi ifutwe haraka ili sherehe iendelee.

Daudi alifanya baya zaidi, kwa macho yangu. Alimchukua Bathsheba, mke wa Uria, kisha akamwandikia Yoabu, jemadari wake, barua ya kumuua Uria, na barua hiyo akaibeba Uria mwenyewe. Nabii Nathani alipomwambia "Wewe ndiwe mtu huyo", Daudi alijibu kwa sentensi fupi, nimemfanyia Bwana dhambi, na hapo akanyamaza. Hakumtaja Bathsheba, hakutaja vita wala uchovu wa ufalme. Na Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake huihusisha na siku ile, haiombi kiti cha enzi kisitikisike. Inaomba moyo safi, na isitengwe na uso wa Mungu. Mmoja aliogopa kuwapoteza watu, mwingine aliogopa kumpoteza Mungu.

Kiswahili kinatusaidia tena hapa, kwa kuwa kinatenga maneno mawili: majuto na toba. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na humjia kila mtu, mwema na mwovu. Mwizi aliyekamatwa anajuta. Yuda pia alijuta. Mathayo 27:3 inatumia neno hilo hilo, na inasema alizirudisha zile fedha thelathini. Fikiria: alikiri kwamba amesaliti damu isiyo na hatia, akarudisha fedha, akalia moyoni kiasi cha kushindwa kuishi. Kilichokosekana ni kimoja. Hakurudi kwa yule aliyemsaliti. Alirudi kwa makuhani, nao wakamwambia shauri lako.

Petro usiku ule ule alikana mara tatu, akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Yohana amelitaja lile jiko katika sura ya 18, na katika sura ya 21 analitaja tena, safari hii ufuoni, alfajiri, na aliyewasha ni Yesu mfufuka. Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Petro aliposikia kwamba ni Bwana hakungoja chombo kifike, alijitupa majini. Kisha Yesu akamuuliza mara tatu, idadi ile ile ya kukana, na swali lilikuwa moja: wanipenda? Hakuulizwa kwa nini alikana. Na kila alipojibu alipewa kazi, lisha kondoo zangu. Upendo uliulizwa, utii ukaagizwa, na toba ilikuwa ndiyo kule kujitupa majini kuelekea ufuoni.

Neno la Kiebrania la toba, shuv, maana yake kwanza ni kugeuka njiani na kurudi ulikotoka. La Kigiriki, metanoia, ni kugeuza nia. Wakatoliki wenzetu wana sala ya kutubu wanayofundishwa tangu utoto, na mimi Mlutheri naiheshimu sana. Inasema nimetubu sana niliyokosa kwako, "kwa kuwa ndiwe mwema, ndiwe mwenye kupendeza". Sababu ya kutubu iliyotajwa si moto wa jehanamu, ni wema wake. Na inamalizikia wapi? "Nipate kurudi." Mafundisho ya Kanisa hilo hutofautisha majuto kamili, yatokayo katika upendo, na majuto yasiyo kamili, yatokayo katika woga wa adhabu. Hayo ya pili hayadharauliwi, mara nyingi ndiyo mlango watu wanaoingilia, ila mtu hahimizwi kuishi mlangoni.

Lakini mtu amerudi kwa Mungu, je, yule aliyemwibia? Zakayo hakuulizwa swali hilo, alijijibu mwenyewe. Torati katika Hesabu 5 ilimtaka mtu akiri kosa lake, alipe alichochukua, na aongeze sehemu ya tano. Kwa mwizi wa kondoo aliyechinja au kuuza, Kutoka 22 ilidai kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo alikuwa mtoza ushuru, mtu mwenye kibali na daftari, angeweza kabisa kujipangia ile sehemu ya tano na hakuna ambaye angemlaumu. Akajihukumu kama mwizi wa kondoo: mara nne, na nusu ya mali kwa maskini juu yake. Hapo ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Zakayo hakununua wokovu kwa zile fedha, maana Yesu alishajialika kwake mbele ya umati wakati mtu yuko bado juu ya mkuyu. Fedha zilikuwa ni moyo unaoonekana kwa nje.

Afrika Mashariki imewahi kuliona jambo hili kwa macho, tena ndani ya kumbukumbu ya wazee wetu. Septemba 1929, kilimani Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni Gahini, Rwanda, walikaa pamoja kusoma Biblia na kuomba, mioyo yao ikiwa mikavu. Kutoka hapo na kutoka Gahini, miaka ya 1930, ukaenea ule tunaouita Uamsho wa Afrika Mashariki: Rwanda, Uganda, Burundi, Kagera na Kenya. Watu wake waliitwa Balokole, waliookoka, na wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, bado unaimbwa makanisani mwetu hata na wasiojua Kiganda. Waliita maisha yao kutembea nuruni, kwa neno la 1 Yohana 1. Kukiri kwao hakukuishia kwa Mungu peke yake chumbani. Walirudisha walivyoiba na kuomba radhi kwa majina. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli kwenda kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akimchukia, amwombe msamaha kwa ile chuki. Kenya, wakati wa Mau Mau, wengi wa watu wa uamsho walikataa kiapo, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuinywa nyingine. Wapo waliouawa kwa hilo. Na wengi wao walikataa pia bunduki za serikali.

Uamsho huo ulifika kwa babu yangu mzaa baba, Kagera, mwishoni mwa miaka ya 1940. Babu alinunua kahawa kwa wakulima, ile ya maganda, akampelekea mfanyabiashara mjini. Alikuwa na mizani ya sahani mbili, mawe upande huu, kahawa upande ule. Bibi ndiye aliyenisimulia, na alinionyesha kwa kidole chake gumba ukubwa wa kile kipande cha risasi kilichobandikwa kwa ulimbo chini ya sahani ya mawe. Kidogo tu. Kila gunia liliacha ratili moja au mbili ambazo mkulima hakulipwa, na kwa msimu mzima hizo ni bati za nyumba. Babu alikuwa mzee wa kanisa. Alifunga, alisali, alitoa sadaka, na bati zilikuwa zinang'aa.

Siku aliyookoka, alikibandua kile kipande mbele ya watu. Baadaye, na hili ndilo lililomgharimu, alichukua daftari akaandika majina aliyoyakumbuka, akauza ng'ombe mmoja, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Wengi walimpokea, wengine walilia naye, wengine walimsifu Bwana palepale uani. Mama mmoja mjane alizihesabu zile shilingi mara mbili, akazifunga kwenye ncha ya kitenge, akamwambia: "Mzee, fedha yangu nimeipokea. Hilo lingine unaloomba, niache nalo kwanza." Bibi alisema babu alirudi kimya jioni ile, hakula.

Yule mama namwona alikuwa na haki, na hapa kanisa letu mara nyingi hukosea. Toba ni ya aliyekosa, na msamaha uko mkononi mwa aliyekosewa. Haudaiwi kama deni. Mume anayempiga mkewe Ijumaa, akalia madhabahuni Jumapili, kisha wazee wakamwambia mama asamehe na arudi nyumbani leo leo, hao wazee wamefupisha njia ambayo Yohana Mbatizaji hakuifupisha. Yeye alidai matunda yapatanayo na toba, na watu walipomuuliza wafanye nini aliwajibu kwa mambo ya kushikika: mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, mtoza ushuru asizidishe, askari asimdhulumu mtu. Matunda huchukua msimu. Mti haumwambii mkulima aandike mavuno siku ya kupanda.

Utii nao umetumiwa vibaya, na lazima lisemwe wazi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwamo watoto wengi, wa kundi ambalo waumini wake waliambiwa wafunge kula hadi kufa ili wamwone Yesu. Utii haukukosekana pale. Kilichokosekana ni kuuliza sauti hii ni ya nani. Petro na mitume, Matendo 5:29, walisema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, na waliyasema hayo mbele ya baraza la viongozi wa dini. Kwa hiyo mchungaji, nabii, mtume au askofu anayedai utii unaomlisha yeye na kuwamaliza kondoo, kumkatalia ni sehemu ya kumpenda Mungu. Yesu alizifunga amri zote katika mbili, kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Agizo linalomkanyaga jirani haliwezi kuwa limetoka kwake, hata likisomewa mstari.

Nimemwacha yule kijana wa benchi la nyuma muda mrefu.

Kwanza humwambia kwamba anayeuliza swali lile huwa hajaacha kupenda. Aliyeacha haulizi. Kisha humsomea ya kwanza kati ya hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517: Kristo aliposema tubuni, alitaka maisha yote ya waumini yawe toba. Maisha yote, maana yake hata mzee wa miaka 80 atakuwa bado anarudi. Na katika Luka 17 Yesu anatuagiza tumsamehe ndugu arudiye mara saba kwa siku akisema natubu. Haiwezekani atudai sisi rehema ambayo yeye hana.

Halafu humuuliza maswali ambayo hayapendi. Simu unaiweka wapi ukienda kulala? Ukitoka kazini unapita njia ipi? Nani mwingine analijua jambo hili? Maana wengi wetu hutubu kosa na kuiacha njia iliyotufikisha ikiwa wazi, imefyekwa vizuri. Babu angeweza kulia kila Jumapili na kile kipande cha risasi kikabaki chini ya sahani, na kila msimu angekuwa na jambo la kutubia. Kijana mmoja aliwahi kuniambia, baada ya kimya kirefu, "Mwalimu, nikimwambia mtu itabidi niache kweli." Nikamwambia ndiyo. Hatukuongea zaidi siku ile. Wiki mbili baadaye alikuja na baba yake mdogo, wakakaa nami chini ya mwembe mpaka giza likaingia.

1 Yohana 5:3 inasema kumpenda Mungu ni kuzishika amri zake, "wala amri zake si nzito." Nilipokuwa kijana niliona mstari huo una uongo ndani yake, maana kwangu zilikuwa nzito mno. Siku hizi nadhani uzito niliousikia ulikuwa wa kubeba vitu viwili kwa pamoja, amri na lile nililokuwa nalificha.

Bibi alinimalizia habari ya yule mjane siku nyingine kabisa, tukipembua maharage. Kwa misimu miwili yule mama alipeleka kahawa yake kwa mnunuzi mwingine, mbali, akipita mbele ya nyumba ya babu na gunia kichwani. Babu alimsalimia, naye aliitikia. Msimu wa tatu alisimama, akashusha gunia lake pale uani. Hakusema kitu. Aliinama, akaigeuza ile sahani ya mawe, akaipapasa chini kwa kiganja, taratibu, mpaka ukingoni. Kisha akafungua gunia, akasema, "Pima."